Ashekali Si Kupona: Nasaha kwa Mwenye Kutoka Hospitali na kwa Jamaa Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyaumba maradhi na akaiumba na dawa yake, aliyewafanyia waja wake wepesi katika dini wala hakuwafanyia uzito. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu, khususan nyinyi watu wa pwani mlio bara kwa biashara na kwa kazi, na nyinyi mlio majumbani wenye watoto na ndugu huko: jueni ya kuwa tumezoea kumwangalia mgonjwa maadamu yumo hospitali. Twamzuru, twamwombea, twamchangia. Lakini siku apewayo ruhusa ya kurudi kwake, sisi twahesabu ya kuwa mambo yamekwisha. Twampokea kwa furaha, twasoma dua, twala, kisha kila mtu hushika njia yake. Na kesho yake twamtaka mtu yule awe kama alivyokuwa zamani. Hili ni kosa, na kosa hili huua watu.

Wazee wetu walikuwa na maneno mawili wala hawakuyachanganya. Aliyeulizwa khabari ya mgonjwa wake akijibu, "Yu ashekali," hapana aliyefahamu ya kuwa amepona. Walifahamu ya kuwa maradhi yamelegeza mkono, bado hayajauachilia. Wakasema pia, mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi leo tumeliacha neno la ashekali, na pamoja nalo tumeacha adabu yake.

Wala siandiki haya kwa kuwa mimi ni mwema kuliko wenzangu. Naandika kwa sababu nalikosa, na kosa langu lilikaribia kumwua mtu.

Kasulu na Kibondo ni nchi ya Waha, katika nyanda za juu za Kigoma, kaskazini mashariki ya Ujiji. Watu wa pwani wameijua njia ya Ujiji tangu zama za misafara ya pembe, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Na Waha nao waliijua pwani, kwani maelfu yao waliteremka kukata mkonge Tanga, nasi tukawaita manamba, na wengi wetu hatukuuliza ni nani awauguzaye wakiugua mbali na kwao. Leo sisi ndio wageni katika milima yao; twauza nguo na vyombo katika masoko yao, na tukiugua wao ndio watupao maji. Asubuhi za huko ni za baridi, na mtu wa pwani hudhani ya kuwa penye baridi hapana mbu. Sivyo. Uchunguzi wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta katika mkoa wa Kigoma ya kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, kadiri ya 24 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu zao, hali katika Tanzania Bara nzima walikuwa kadiri ya 7.

Katika siku za mwisho za Shaabani mwaka 1440, ndio mwanzo wa Mei 2019, ndugu yetu mmoja mtu wa pwani, mwenye duka dogo Kasulu, alishikwa na homa. Alidhani ni homa ile aliyoizoea kwao, akameza vidonge vya kutuliza maumivu, akafungua duka. Siku ya tatu akaanza kunena maneno yasiyofahamika, akachukuliwa hospitali hali hajijui. Alipopimwa damu ikaonekana kuwa ni malaria kali. Akapigwa sindano za atesuneti: ya kwanza alipoingia, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Akili zake zikamrudia, akaweza kula na kunywa, na siku ya nne akapewa ruhusa ya kurudi kwake. Akapewa vidonge vya dawa mseto avimalize, na karatasi yenye siku za kurudi kupimwa damu, kila juma mara moja mpaka utimie mwezi.

Siku mbili baada yake mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Alikuja kwangu kuuliza, kwani nalikuwa nikisomesha katika msikiti wetu. Akanambia, "Maalim, daktari amesema nisifunge mpaka damu yangu irudi." Nikamtazama, nikamwona asimama kwa miguu yake na anena vizuri. Nikamwuliza, daktari huyo ni nani? Aliponitajia jina nikajua ya kuwa si Mwislamu. Nikasema, "Huyo haujui utamu wa Ramadhani. Wewe umekwisha pona, na mwezi haumngoji mtu." Hayo ndiyo niliyoyasema, na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Naye alikuwa mtu wa haya na mwenye kuheshimu elimu, akafunga.

Siku ya kurudi kupimwa ilipofika hakwenda, kwani aliona aibu kumwambia daktari ya kuwa amefunga. Ikawa akipanda vidaraja vya msikiti moyo wamwenda mbio. Mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa tungu. Tukasema ni kiu ya saumu. Macho yake yakawa ya manjano. Tukasema ni uchovu wa tarawehe. Usiku wa kumi na tatu akaanguka katika sala. Akarudishwa hospitali juu ya pikipiki, amefungwa kwa shuka mgongoni mwa mwenziwe asije akaanguka. Damu yake ilikuwa imepungua kiasi cha kukhofiwa, ikabidi atiwe ya watu. Wa kwanza kujitolea alikuwa kijana wa Kiha, Mkristo, jirani ya duka lake. Nasi tulio ndugu zake katika dini tulikuwa barazani twaulizana kama kutoa damu kwabatilisha saumu. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kuumikwa hakubatilishi saumu, na kutoa damu ni kwa kiasi hicho hicho. Lakini tulilihitaji jibu hilo usiku ule, na hapana aliyekuwa nalo tayari.

Daktari yule yule akatueleza kwa upole. Alisema ya kuwa dawa ya sindano huviua vijidudu upesi, na kwa hiyo imeokoa roho nyingi; lakini chembe za damu zilizokwisha kuingiliwa na vijidudu hivyo hubaki dhaifu, na kwa baadhi ya watu huvunjika zote pamoja baadaye, tangu siku ya 7 hata majuma 4. Mtu huwa amekwisha simama, amekwisha sahau, na damu yake yapungua ndani. Ndiyo sababu ya karatasi ile. Saumu siyo iliyomvunja damu, alisema. Lakini saumu ilimdhoofisha, ikamzuia kurudi, na ikatupa sisi jina la uwongo la kuziitia dalili zake. Tuliiona alama ya mauti tukaiita kiu.

Ndugu yetu alipona, kwa rehema za Mola wake. Lakini mimi nalirudi nyumbani nikafungua vitabu nilivyokuwa nikiwasomea watu, nikakuta jibu lake limo humo miaka yote.

Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi na Ibn Maja, kwa Ummul Mundhir, bibi wa Kiansari, ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Sayyidna Ali, na Ali alikuwa ndiyo kwanza anainuka katika maradhi. Mlikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume akala, na Ali akataka kula pamoja naye. Mtume akamzuia, akimkumbusha ya kuwa bado hajaingia afya yake. Kisha bibi yule akapika mboga ya majani na shayiri, na Mtume akamwelekeza Ali ale hiyo kwani yamfaa zaidi.

Fikirini, ndugu zangu. Huyu ni Ali, shujaa wa Khaibar. Hakuwa amelala kitandani. Alikuwa amesimama mbele ya chakula halali, na mwenziwe katika kula ni Mtume mwenyewe. Juu ya hayo akazuiwa. Tumefahamu kwa hadithi hii ya kuwa kati ya ugonjwa na afya pana daraja ya tatu, nayo ina hukumu zake, na mwenye kuijua ni wajibu wake amkumbushe asiyeijua. Wala maana yake si kwamba tende ni mbaya, wala kwamba anayeinuka anyimwe chakula. Maana yake ni kuwa apewe kinachomfaa kwa hali yake, si kwa hali ya walio wazima.

Na hadithi ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ameipokea Abu Daud kwa Jabir. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe kichwani likamjeruhi. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, maadamu aweza kupata maji. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akahukumu ya kuwa wao ndio waliomwua, na akabainisha ya kuwa ponyo la asiyejua ni kuuliza. Watu wale hawakumtakia mwenzao ila kheri. Walitaka ibada yake iwe kamili. Nami nalitaka hayo hayo.

Basi jueni hukumu hizi, mwafunze na watoto wenu.

Ama saumu: Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula katika aya za 184 na 185 za Suratul Baqara, kisha alipe siku nyingine. Na aliyetoka hospitali, akiwa saumu yamkhofisha kurudi maradhi au kuchelewa kupona, ni mgonjwa kwa hukumu ya aya hiyo, hata akiwa anatembea sokoni. Akikhofu kuangamia, basi kufunga kwake ni haramu, wala si ucha Mungu. Atalipa atakapopata nguvu. Na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Ama maji: ikiwa yamdhuru au yachelewesha kupona kwake, atatayamamu. Sayyidna Amr bin Al-As aliwasalisha wenzake kwa tayamamu katika usiku wa baridi kali, akikhofia nafsi yake, aliposhtakiwa kwa Mtume (s.a.w.), Mtume alicheka asimkemee. Na asubuhi za Kasulu huwajua wenyewe mlioko.

Ama sala: haimwondokei maadamu ana akili, lakini husali kwa kadiri awezavyo: kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Ijumaa na jamaa zimemwondokea mpaka apate nguvu. Wala asihuzunike kwa kuwa ameikosa safu. Kwani imesihi katika Bukhari ya kuwa mtu akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi.

Na mtu asiseme kama nilivyosema mimi, ya kuwa daktari si Mwislamu. Vitabu vyetu hutaja tabibu mwadilifu, na wanavyuoni wengi wamekubali neno la tabibu stadi mwaminifu hata asipokuwa Mwislamu, moyo ukimsadiki. Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr walipohama Makka kwenda Madina, huku Makureshi wawatafuta, kiongozi wao wa njia alikuwa Abdullah bin Uraiqit, naye hakuwa katika dini yao. Walimpa amana ya roho zao kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Basi wauguzi na madaktari wa Kasulu na Kibondo waijua njia hii kuliko sisi.

Ama dawa, imalizwe. Dawa mseto ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3: vinne vinne, mara sita, mara ya pili baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, na zilizobakia asubuhi na jioni katika siku ya pili na ya tatu. Vimezwe pamoja na chakula, hasa chenye mafuta au maziwa. Akitapika mara baada ya kumeza, arudie. Akitapika tena, arudi hospitali. Mtu asiviweke nusu akisema amekwisha ona nafuu, wala asimpe mwenziwe. Na kila maradhi yana muda wake: kichomi na homa ya matumbo dawa zake humalizwa kama alivyoandikiwa mtu, na dawa za kifua kikuu kwa kawaida hunywewa miezi 6, hali mgonjwa huanza kuona nafuu katika majuma ya mwanzo. Nafuu hiyo ndiyo ashekali, nayo ndiyo mahali watu wanapodanganyika.

Wala hatukatazi kumsomea mgonjwa Kurani na kumwombea. Hiyo ni sunna na kheri. Twakataza kombe liwe badala ya kidonge. Dawa hizi za malaria asili yake ni mmea wa China uliotumiwa tangu kale; kiini chake kilipatikana mwaka 1972 kwa kazi ya Tu Youyou na wenziwe, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Mwenyezi Mungu aliiweka dawa ya homa ya Kasulu katika majani ya nchi ya mbali. Mwenye kuikataa hakutawakali, amekataa alichopewa.

Na nchi hii ya Uha yenyewe ni mwalimu katika jambo hili. Katika miaka ya 1930 malale yaliingia humo, maradhi yaletwayo na mbung'o, na serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu wa Kibondo na Kasulu kutoka maporini, ikawakusanya katika vijiji vikubwa. Siku hizi wagonjwa wa malale wamepungua sana. Lakini tabia ya maradhi yale ni hii: mdudu wake huanza katika damu, kisha huingia ubongoni, na aliyetibiwa aweza kuonekana mzima hali mdudu angali amebaki ndani. Kwa hiyo waganga walizoea kumwita baada ya miezi, apimwe tena na tena, hata yeye mwenyewe akiapa kuwa hajambo. Mgonjwa hutazama nguvu za miguu yake, na mganga hutazama yaliyo ndani ya damu.

Sasa nanena nanyi jamaa za mgonjwa, na wengi wenu ni wanaume wenye kauli majumbani. Mgonjwa haulizwi uji. Basi msimwulize kama ataka msaada, kwani mtu wa haya atasema hataki. Mmoja wenu aishike ile karatasi yake, azijue siku za kurudi kupimwa, na siku ikifika aje na nauli mkononi. Mwingine amshikie duka mpaka mwezi utimie. Mwenye kumdai ampe muhula. Mleteeni kuni, maharage, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, na mboga za majani, wala msimwachie mkewe taabu yote peke yake. Mtundikieni chandarua chenye dawa, kwani mbu aliyemwuma mwanzo ana ndugu zake. Mkimzuru msikae mpaka akachoka kuwatazama. Na mlio wazima mkatoe damu kabla hamjaulizwa.

Na mkiona mojawapo katika haya, arudi hospitali saa ile ile, usiku au mchana, Ramadhani au mwezi mwingine: homa kurudi; mkojo kuwa mweusi; macho kuwa ya manjano; kuhema kwa shida au moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo; kutapika kila akinywacho; kunena ovyo, au degedege. Msikae mkayatafutia majina. Majina tuliyafuta sisi kwa kuyatia mengine, mkaona yaliyotupata.

Ndugu yule alitoka hospitali mara ya pili katika siku za mwisho za Ramadhani. Nikaenda kwake, nikamwambia mbele ya watu walewale walionisikia mwanzo, "Mimi nilikupa fatwa ya ujinga, nisamehe." Akanisamehe. Akala mchana ule mbele yangu, uji wa ulezi, nami nilimshikia bakuli kwa kuwa mikono yake ilikuwa yatetemeka. Siku zake zote alizokula alizilipa mwaka ule ule, kidogo kidogo, baada ya daktari kumwambia kuwa damu yake imerudi. Lakini si kila mwenye kukosewa hupata siku ya kusamehe, na si kila mwenye kukosa hupata wa kumwomba.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa majirani zetu. Walio ashekali uwatimizie afya yao, uwape subira ya kungoja. Utuepushe na ulimi unenao usilolijua, na utupe nyoyo za kuuliza. Mrehemu kila aliyekufa mbali na kwao, wa pwani aliyezikwa bara, na wa bara aliyezikwa pwani. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Amin.

Wabillahi ttawfiq.